Ua la Usiku Mmoja

Asubuhi baada ya harusi ndiyo saa ngumu kuliko zote katika kazi yetu ya kupamba. Usiku watu wamekula biriani, wamepiga vigelegele, wamempiga bi harusi picha mpaka taa za ukumbi zikazimwa. Asubuhi ukumbi ni mtupu, mawaridi yameinamisha shingo, punje za wali zimekaukia zuliani, na mpambaji anarudi na magunia kuja kuvunja alichokijenga jana. Usiku wa sherehe kila mtu humsifu. Lakini mimi nimeamini kwamba ukitaka kuijua kazi ya mpambaji, mfuate asubuhi hiyo, uangalie magunia yake yamejaa nini.

Yangu, kwa miaka mingi, yalijaa matofali ya kijani. Wenzangu wa biashara wanayajua. Ni povu gumu lililokauka, jepesi kama boflo ya juzi. Unaliweka juu ya maji kwenye beseni, unaliacha. Linazama lenyewe polepole huku likinywa, na likishashiba unachoma ndani yake vikonyo vya maua upande wowote upendao, navyo vinasimama hapo hapo. Wengi tunaliita Oasis, kwa jina la biashara la kampuni iliyolitoa mwaka 1954 huko Ohio, Marekani. Sikuwahi kulichukia. Lilinifundisha kazi, likanilisha. Kwa mtu mwenye meza 30 za kupamba na saa nne tu za kuzipambia, hakuna kitu kinachotii kama tofali lile.

Tabu yake ni kwamba hutumika mara moja. Likishachomwa limetoboka, na likikauka halinywi tena. Kila harusi inataka matofali mapya. Na kila ukilikata kwa kisu linatoa unga laini unaoingia kwenye kucha, kwenye ushungi, kwenye mikunjo ya viwiko, na unaobaki nyuma yako kwenye sinki la ukumbi. Mimi niliusukuma kwa maji ukaenda zake, wala sikujiuliza umekwenda wapi. Mpaka msimu mmoja wa masika, mvua imenyesha usiku kucha, nikapita nyuma ya ukumbi kufuata gari, nikauona mtaro unaoteremka baharini umetandwa utando wa kijani. Nikadhani ni mwani. Nikachovya kidole, nikakisugua kwa kidole gumba, na ule unga nikautambua kwa ngozi kabla sijautazama kwa macho. Ulikuwa wangu.

Lile tofali ni plastiki. Sura yake inalificha jambo hilo, maana lina ubichi wa majani na ulaini wa udongo. Limetengenezwa kwa fenoli na fomaldehidi, na unga wake ni vipande vidogo vidogo vya plastiki visivyooza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, waliwajaribu viumbe wa maji baridi na wa maji chumvi kwa unga huo, wakaona kwamba wanaula, na kwamba kemikali zinazovuja kutoka humo huwadhuru. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Nakumbuka tulivyobadilika sokoni, sote tukarudia vikapu kana kwamba hatukuwahi kuviacha. Tofali la kijani lilibaki kwenye beseni langu. Sheria haikuligusa, nami pia sikuligusa.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa mpambaji kabla yangu ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Yeye aliitwa kutunga. Kukiwa na harusi au maulidi, mtoto alitumwa mlangoni: "Nyanya, mama anakusalimu, anasema uje utusaidie kutunga." Nyumba yake ilikuwa Mji wa Kale wa Mombasa, na nyuma yake kulikuwa na ua mdogo ambao mtu mzima angeuvuka kwa hatua sita. Ndani ya hatua hizo sita alikuwa na mwasumini uliopanda ukuta, mrihani kwenye madebe ya samli, mwaridi mmoja uliochanua unapotaka wenyewe, na mkilua kwenye pembe. Mkadi uliletwa kutoka shamba la jamaa, kwa sababu mkadi una miiba kwenye kingo za majani yake na hauzoei kuishi na watu.

Saa ya kuchuma asumini ni baada ya alasiri. "Usichume lililocheka," alikuwa akiniambia. Lililocheka ni lililokwisha kufunguka. Tulitafuta tumba lililovimba, jeupe, lililobana midomo. Ukilichuma bado lina ukijani halitafunguka kamwe. Ukichelewa mpaka jua lizame, litakuwa limeanza kuimwaga harufu yake ukutani. Kati ya mapema mno na kuchelewa mno pana saa moja hivi, na saa hiyo haijali kama una homa au una wageni. Tuliyaweka kwenye ungo uliotandikwa jani la mgomba, kisha tukakaa mkekani. Sindano yake ilikuwa nyembamba, uzi wa pamba ameulowesha. Sindano haipiti katikati ya tumba, hupita shingoni, pale kikonyo kinapokutana na ua. La kwanza linaelekea kulia, la pili kushoto, la tatu kulia, na kila mara unayabana kwa ukucha mpaka uzi usionekane. Koja likiisha ni gumu, jeupe, limefumba, na halinukii sana. Asiyejua angesema kazi haijakamilika.

Na ilikuwa haijakamilika kweli. Koja lilivaliwa baada ya Isha. Hapo ndipo tumba moja moja lilipoanza kufunguka, shingoni mwa mvaaji, kwenye nywele zake, ukumbini kwenye nyimbo. Ilipofika usiku wa manane lilikuwa limechanua lote, limekuwa kubwa mara mbili, na harufu yake imefika mpaka barabarani. Wakati huo Nyanya alikuwa amelala. Nimewasoma na kuwatazama wapambaji wengi wa dunia tangu hapo, na bado sijaona ufundi mwingine unaomtaka fundi atengeneze kitu kitakachokamilika baada ya kutoka mikononi mwake, mahali asipokuwapo, kwa furaha ya mtu mwingine. Asubuhi koja lilikuwa la kahawia. Lilitupwa shinani mwa mwasumini ule ule.

Kikuba kilikuwa kazi ngumu zaidi. Ncha za mrihani, asumini, vipande vya mkadi vilivyokatwa vidogo kama vitunguu vya kachumbari, petali za waridi, na kilua kama kimepatikana, vyote vikafungwa kwa uzi au kwa uzi wa ukindu, kikanyunyiziwa marashi, kikabanwa kifuani au kikaning'inizwa kwenye nywele. Ukikitazama hakina madaha. Ni kifungu kidogo cha majani chenye weupe hapa na pale. Kikuba hakikutengenezwa kwa ajili ya macho. Kilitengenezwa kwa ajili ya pua ya mtu atakayekaribia, na ni watu wachache tu wenye haki ya kukaribia kiasi hicho.

Hapa ndipo ninapoona tumepotea njia, nami nimo miongoni mwa waliopotea. Kiswahili kinatenganisha kunuka na kunukia, baadhi ya lugha nyingine hazijali tofauti hiyo. Watu wenye vitenzi viwili kwa jambo hilo ni watu walioipa pua heshima yake. Siku hizi tunapambia kamera. Bi harusi ananiletea picha kwenye simu na kuniambia, nataka kama hii; picha haina harufu, basi na mapambo yake hayatakuwa nayo. Mawaridi tunayonunua yamezalishwa ili yavumilie safari na kukaa siku nyingi kwenye maji, na katika kuyachagua kwa sifa hizo, vizazi kwa vizazi, sehemu kubwa ya harufu yao imepotea. Nimewahi kuingia kwenye ukumbi wenye maelfu ya mawaridi niliyoyapanga mwenyewe, nikavuta pumzi, nikasikia rangi mpya ya ukuta.

Lugha inatuambia jambo jingine. Kitenzi cha kazi ya Nyanya ndicho kitenzi cha kazi ya malenga. Tunatunga asumini, tunatunga ushanga, mvuvi hutunga samaki kwenye ukindu, na mshairi hutunga shairi. Shaaban Robert alikiita kitabu chake kimoja Pambo la Lugha na kingine Koja la Lugha, na msomaji wa pwani hakuhitaji kuelezwa. Kutunga si kurundika. Katika kutunga kuna uzi, na kila ua linapata mahali pake kutokana na lililotangulia. Ukichomoa moja katikati, yote yanalegea.

Tofali la kijani halitungi. Kila kikonyo kinasimama peke yake, hakimjui jirani yake. Ningeweza kuchomoa mawaridi kumi katikati ya mengine na yasijue. Ndiyo maana nililipenda, na ndiyo maana mapambo yangu ya miaka ile, nikiyatazama kwenye albamu, yananichosha. Yamejaa, yamelingana, na hayana mazungumzo. Nilipoliacha nilidhani naliacha kwa ajili ya bahari. Baada ya miezi michache nikagundua kwamba mikono yangu imeanza kufikiri tena.

Nilichoshika badala yake ni waya wa kuku. Unakata kipande cha kiasi cha mkono, unakikunja kiwe mpira uliolegea, unaukandamiza ndani ya mdomo wa mtungi na kuufunga kwa kamba ili usipande. Maji yako chini, kikonyo kinapita kwenye tundu moja juu na jingine chini. Sikuvumbua mimi. Waya huo uliingia kwenye mapambo makubwa kwa mkono wa Constance Spry, Mwingereza aliyezaliwa 1886. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana waliokwisha kuanza kazi mashariki mwa London, na mwaka 1929, akiwa na miaka zaidi ya 40, akafungua duka la maua. Matajiri walimzoea kwa mawaridi na okidi. Yeye akawawekea majani ya sukumawiki, magugu ya kando ya barabara, matunda mabichi, matawi yenye ukungu wa miti, akavipanga kwenye bakuli za mchuzi. Alikuwa amewafundisha wasichana wasio na pesa, kwa hiyo alijua kwamba uzuri hauanzi dukani. Mwaka 1953 alipewa maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Napenda kumfikiria siku hiyo, ufundi wa waya wa banda la kuku umefika mpaka Westminster.

Nchini mwake sasa wameanza kurudi huko. RHS, chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza, kililiondoa lile povu la matofali katika maonyesho yake yote kuanzia 2021, yakiwemo ya Chelsea ambayo wapambaji wa dunia nzima huyatazama. Wajapani hawakuhitaji kurudi. Wanaofuata ikebana, ufundi wao wa kupanga maua, hutumia kenzan, bamba zito lenye misumari iliyosimama, ambalo mtu hulirithi kwa mamake na kumrithisha mwanawe. Ninalo moja. Limepamba mamia ya maua na halijapungua uzito.

Sitaki nimdanganye msomaji kwamba mambo yalikuwa mepesi. Kazi yangu ya kwanza bila tofali niliisafirisha kwa tuktuk, mitungi sita imejaa maji, barabara ina mashimo. Nilipofika, nusu ya maji yalikuwa miguuni mwangu na vitambaa vya meza vimelowa. Nilipanga upya nimepiga magoti sakafuni, wageni wameanza kuingia. Waya unataka upangie pale pale, unataka saa mbili zaidi, na unataka ujue mpangilio wa kuingiza. Kwanza matawi magumu yanayopishana chini na kufanya kimia. Kisha majani mapana. Kisha maua mazito yanayoegemea matawi. Mwisho yale mepesi. Kila kimoja kinashikwa na kilichotangulia. Siku nilipoelewa hivyo nilisimama na mkasi mkononi, nikamkumbuka Nyanya akibana tumba kwa ukucha.

Harusi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ng'ambo ya kivuko, Likoni, harusi ya nyumbani. Mama wa bi harusi alinipokea kwa chai ya maziwa na mahamri, akaniacha nimalize kikombe, ndipo akasema: "Mwanangu, mimi pesa za mawaridi sina. Minazi ninayo."

"Inatosha, mama," nikamjibu, ingawa sikujua inatosha kwa nini.

Akamwita mkwezi. Yule kijana akapanda, akaanza kuangusha. Niliomba makuti machanga, yale ya katikati ambayo bado yana rangi ya siagi. Lakini kilichonivuta macho ni makarara yaliyokuwa yamezagaa chini, yale maganda makavu yanayofunika ua la mnazi kabla halijatoka, ambayo kila nyumba ya pwani huyachoma jikoni. Karara moja lina urefu wa mkono mzima, limechongoka pande zote mbili, limebonyea katikati kama mtumbwi. Nilichagua kumi na mawili. Kwa ndani nikaweka vifuu vya maji vyenye waya uliokunjwa, nikasimamisha matawi ya mrihani uliochanua, bogenvilia za ukuta wa jirani kwa idhini yake, mabua ya mtama kutoka kwa shangazi wa bi harusi, na mashada ya ua lenyewe la mnazi, yanayofanana na mahindi madogo yaliyomwagika. Nilifunga kwa ukindu, hakuna kipande cha utepe wa plastiki. Jioni wanawake wa mtaa walikuja na asumini zao kwenye mabakuli, tukatunga pamoja, kila mmoja akisahihisha mkono wa mwenzake. Koja la bi harusi lilitungwa na wanawake tisa.

Asubuhi yake nilikwenda na gunia moja. Sikulijaza. Makuti yalienda kwa mbuzi, mrihani ukapandwa tena kwa vipandikizi, makarara yakarudi jikoni kuchemshia chai. Waya niliukunjua, nikausuuza, nikautundika kwenye msumari nyumbani. Ninautumia mpaka leo.

Siwezi kusema hivyo kuhusu kila kazi. Kumbi za mjini bado zinataka mawaridi, nami nayanunua, na mengi yanatoka Naivasha. Nimefika huko. Ziwa liko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na nyumba za plastiki za maua zimelizunguka zikimetameta mpaka mtu akadhani ni sehemu ya ziwa. Ndani yake maelfu ya watu, wengi wao wanawake, hukata, hupima, hufunga. Waridi linalokatwa leo linalala kwenye chumba baridi, linapanda ndege Nairobi, na kesho kutwa liko mnadani Aalsmeer, Uholanzi. Machi 2020, corona ilipofunga masoko ya Ulaya, maua ya Naivasha yalitupwa kwa matoroli na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila kujua ni kwa muda gani. Siku zile nilifahamu ugumu wa swali hili. Anayesema tuache tu mawaridi hajakaa na mama aliyesomesha watoto kwa mkasi wa kukatia vikonyo. Anayesema hakuna tatizo hajayaangalia maji ya ziwa na dawa zinazopigwa.

Ninachofanya mimi ni kidogo, lakini nakisimamia. Naomba yaliyokataliwa. Soko la nje linataka kikonyo kilichonyooka kama rula, kichwa cha kipimo kimoja. Waridi lenye shingo iliyopinda huwekwa kando, likauzwa humu nchini kwa bei ya chini. Mimi ndilo ninalolitaka. Kikonyo kilichopinda kinajua kukunja kona kwenye mdomo wa mtungi, kinainamia mbele kama mtu anayesikiliza. Vikonyo vilivyonyooka 100 vinasimama kama askari, na harusi si gwaride. Baada ya sherehe mawaridi hayo siwapi mbuzi, kwa sababu ya dawa, wala siruhusu petali zake ziingie kwenye kikuba au kwenye sharubati. Yanakwenda kwenye shimo la mboji lililo mbali na mboga. Bi harusi akitaka petali za kitandani, namwambia azitafute kwenye mwaridi wa jirani au tutumie asumini.

Kuna wanaoniambia dawa ya yote haya ni maua ya bandia, kuta nzima za maua ya plastiki zinazokodishwa wiki baada ya wiki. Hayaoti, hayanyauki, yanafutwa vumbi tu. Sikubaliani nao. Kitu kisichonyauka hakimwachii mtu kumbukumbu ya usiku wake, na vumbi lake siku moja litaishia mtaroni kama lile langu.

Nirudi kwenye mkilua. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliuandika mti huu kwenye vitabu vya sayansi, akauweka kwenye jenasi yake peke yake, isiyo na spishi nyingine. Alipotafuta jina hakwenda mbali. Aliuita Mkilua fragrans. Fragrans ni Kilatini, maana yake unaonukia. Mkilua ni neno la wanawake wa pwani. Mti huu una kwao katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, misitu inayokatwa vipande kila mwaka, na uliingia kwenye nyua za nyumba zetu kwa sababu wanawake waliutaka kwa ajili ya vikuba vyao. Nafikiria sana jambo hilo. Hawa hawakuwa na neno la uhifadhi wa mazingira. Walikuwa na haja ya kunukia, na haja hiyo ikaupa mti wa msituni makao karibu na kisima.

Wa Nyanya ulikatwa. Baada ya kufariki kwake warithi waliiuza nyumba, mnunuzi akapandisha ghorofa, na ule ua wa hatua sita ukawa ngazi. Sina wa kumlaumu, watu wanahitaji vyumba. Lakini nyumba za sasa hazina ua, na Kiswahili kinaniumiza hapo, kwa kuwa kimeita ua la mti na ua wa nyumba kwa sauti moja. Penye kukosekana huu, lile linanunuliwa dukani, limefungwa kwenye nailoni, limetoka mbali.

Siku hizi vilua vyangu navipata kwa bibi mmoja wa Kisauni. Ana mti mmoja. Ananipa maua matano, sita, amenifungia kwenye jani la mgomba, na hataki pesa. Anataka nimletee habari za harusi. Mwaka jana alinipa mche ndani ya kopo la maziwa. Nimeupanda kwenye ndoo iliyotobolewa, karibu na mlango wa jikoni, na una majani kumi na manne.

Ukiwa na ndoo na mahali panapopata jua la asubuhi, panda mwasumini. Ukiwa na ua wa hatua sita, tafuta mche wa mkilua. Na ukinialika kupamba harusi ya mwanao, usinitumie picha ya mtu mwingine. Nipigie simu wiki mbili kabla, uniambie nyumbani kwenu kuna mti gani.